Kifuko cha sabuni, mdomo wa mala na boksi la juisi: tunajibu wasomaji

Swali: Natengeneza sabuni ya maji hapa Kondele, Kisumu, na kuipakia katika vifuko vya nusu lita. Vikifika kwa wateja Nakuru, vingine vimelowa kwenye kona. Nilitoka nailoni ya maikroni 60 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) nikaenda 100, na bado vinavuja. Ninunue nene zaidi?

Jibu: Hapana. Unene unaweza hata kukuongezea hasara. Tuanze na sabuni yenyewe. Polithini ya kawaida, hiyo unayoiita nailoni na inayouzwa kwa jina la LDPE, ina udhaifu ambao wauzaji wengi hawautaji: ikiwa imekunjwa au imevutwa huku sabuni inaigusa, hufanya nyufa ndogo sana mahali palipokazwa. Sabuni haiiyeyushi plastiki, bali huusaidia ufa kusonga mbele. Ndiyo maana kifuko hutoka kwako kikiwa kikavu, kisha baada ya siku kadhaa kona inateleza. Nailoni nene ni ngumu kukunja, kwa hiyo mkunjo wake hukazika zaidi, na joto la mashine nalo huchelewa kuipenya. Umenunua unene, ukapata mshono dhaifu.

Mwambie muuzaji akupe filamu, yaani karatasi ya plastiki, ya LLDPE, ambayo ni aina nyingine ya polithini, au mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni hiyo. Huvumilia sabuni vizuri zaidi, na maikroni 100 zinatosha nusu lita. Sabuni haihitaji kuzuiliwa hewa kama chakula, kwa hiyo achana na karatasi za kubandika poliesta na alumini. Zina bei, na plastiki za aina mbili zilizobandikwa pamoja hazichakatwi tena kwa urahisi.

La pili ni ukubwa. Kifuko bapa chenye sentimita 13.5 kwa 20 ndani ya mishono kinaweza kubeba takriban mililita 820 kikijaa hadi kuvimba kama mto. Weka 500 tu. Kikijaa pomoni, uzito wote huning'inia kwenye kona, na hubaki huna nafasi ya kufunga bila kulowesha mshono. Kati ya sabuni na mahali pa kufunga ziwepo sentimita 4 au 5 kavu. Sabuni ina povu, kwa hiyo usiimimine kutoka juu: shusha mpira mwembamba hadi chini ya kifuko, jaza ukiupandisha polepole, na uutoe bila kuacha tone. Tone moja kwenye mshono hugeuka mvuke chini ya joto na kuacha kijitundu usichokiona.

Sasa mashine. Zile za mkono zenye waya wa milimita 2 zilitengenezwa kwa karanga na mandazi, si kwa maji. Tafuta ya milimita 5 hadi 10, au funga mara mbili, mishono ikiachana kidogo. Namba za kwenye kitufe si nyuzi joto, kwa hiyo usiulize jirani yako anatumia namba ngapi. Anza chini, ongeza hatua moja moja, na kila mara kata kipande cha upana wa milimita 15 kinachokatisha mshono, kivute. Mshono ukiachana kama karatasi ya peremende, joto halitoshi. Nailoni ikivutika au kukatika kando ya mshono huku mshono umeshika, umefika. Ukingo ukiwa mwembamba na kukatika kama wembe, umepita. Baada ya joto kukatika usifungue taya mara moja: hesabu sekunde 2 au 3, kwa sababu mshono wa moto ni laini na uzito wa sabuni utaufungua ukiutazama. Umeme wetu hupanda na kushuka, basi rudia jaribio la kipande kila asubuhi na kila stima ikirudi.

Na safari yako ina kilima. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Kericho ikifika Mau Summit umepita mita 2,400. Huko juu hewa ya nje hubana kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo mililita 100 za hewa ulizofungia Kisumu zinataka nafasi ya karibu 117, na zinaipata kwa kusukuma mishono. Kamua hewa kwa kiganja kabla ya kufunga. Kona zikatwe mviringo, maana kona kali ya kifuko kimoja hutoboa tumbo la jirani yake ndani ya katoni.

Kabla ya kutuma shehena, chukua vifuko 10, vilaze kati ya mbao mbili, weka gunia la kilo 25 juu kwa dakika moja, kisha vidondoshe kutoka usawa wa kifua. Vingine 10 viache wiki mbili juu ya gazeti kavu, mahali penye joto, vikiwa vimekunjwa kona. Gazeti litakuambia kuhusu zile nyufa ambazo gunia haliwezi kuzionyesha.

Swali: Tuna kikundi cha akina mama Njoro, tunauza mala na yogati yenye vipande vya matunda. Tumenunua vifuko vinavyosimama vyenyewe, vyenye mdomo wa kukaza, lakini vinavuja pembeni mwa mdomo, na vipande vya matunda vinakwama.

Jibu: Akina mama, kageuzeni mdomo mtazame chini yake. Sehemu inayoingia kati ya kuta mbili ina umbo la mtumbwi, na uvujaji karibu wote hutokea kwenye ncha mbili za mtumbwi huo, pale kuta mbili zinapoacha kuukumbatia mdomo na kukutana zenyewe kwa zenyewe. Taya ya mashine isipolingana na umbo lile, panabaki kijitundu cha pembe tatu. Ukaze namna gani kifuniko, hakitaziba. Muulizeni pia muuzaji mdomo ni wa plastiki gani. Ukuta wa ndani ukiwa polithini, mdomo uwe polithini. Mdomo wa polipropilini hubandika kwa macho tu, na ukivutwa huchomoka mzima.

Kama mnanunua vifuko ambavyo mdomo umeshachomelewa kiwandani, kazi yenu ni kukagua: jazeni maji yenye rangi ya chakula, funikeni, lazeni kifuko ubavuni juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Kimoja kati ya 20 kikivuja, rudisheni mzigo.

Kuhusu matunda, tundu la milimita 8 au 9 ni la juisi. Vipande viwe chini ya theluthi moja ya upana wa tundu, la sivyo viwili vikikutana mlangoni vinashikana. Ama mkate matunda madogo zaidi, ama mchukue mdomo wa milimita 16 au zaidi. Mdomo ukiwa kwenye kona badala ya katikati, mala humalizika vizuri zaidi kwa sababu kifuko kikiinamishwa hakina bega la kuizuia. (Vifuko hivi vya kusimama huitwa Doypack kutokana na jina la Mfaransa Louis Doyen, aliyevibuni miaka ya 1960.)

Swali: Niko Bungoma. Dawa ya kung'arisha nguo ninayoipakia katika vifuko inavimba baada ya wiki moja.

Jibu: Acha kuitia kwenye vifuko. Dawa hiyo hujivunja taratibu na kutoa oksijeni, na joto, mwanga na chembe za chuma huiharakisha. Mshono wako haujakosea, ila umefungia gesi inayozidi kuongezeka. Ukuta wenye alumini utaliwa, na nailoni halisi hudhoofika. Tumia chupa ya polithini ngumu, isiyopenyeza mwanga, yenye kifuniko kinachoruhusu gesi kupumua. Na kuna sababu nzito zaidi: kifuko laini chenye maji ndani, mtoto anakijua kuwa ni maziwa.

Swali: Nina kibanda cha juisi Kericho. Nimeona mifuko ya lita 10 ndani ya boksi, yenye koki. Jirani yangu aliitoboa tundu juu ili itoke haraka. Ni sawa?

Jibu: Jirani yako ameiua. Jerikeni hutaka tundu la hewa kwa sababu kuta zake hazisogei. Mfuko huu hufanya kinyume: juisi ikitoka, kuta zinajikunja, na hewa haiingii. Hiyo ndiyo faida unayoilipia. Wazo hili alilileta Mmarekani William Scholle mwaka 1955, kwa ajili ya kubebea tindikali ya betri; vinywaji vilifuata baadaye.

Ikitoka polepole, tazama koki. Mara nyingi ukuta wa nyuma umejikunja na kuziba mlango wake kwa ndani. Inua upande wa nyuma wa boksi kidogo, uusukume ukuta kwa kidole. Boksi lilingane na mfuko: likiwa kubwa, juisi hucheza barabarani na mikunjo ileile hukunjwa mara elfu hadi itoboke. Ndiyo maana mifuko mizuri ina kuta mbili zisizobandikwa pamoja. Wa ndani hubeba, wa nje huzuia hewa, na mmoja ukichoka mwingine unashika. Jaza juisi iliyochemshwa na kupozwa, iweke kwenye friji, na mfuko ukiisha utupwe. Hakuna brashi inayofika kwenye mikunjo ile.

Swali: Si plastiki zilipigwa marufuku?

Jibu: Marufuku ya Kenya ya Agosti 2017 ililenga mifuko ya kubebea na ile bapa. Kifungashio kinachogusa bidhaa na kujazwa pale inapotengenezwa kimeachwa nje ya marufuku, ila uwe na idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Omba kabla hujaagiza filamu, maana roli iliyochapishwa nembo yako hakuna mwingine atakayeinunua.