Maswali yenu: programu ya bure ina masharti, na kraki ina mwenyewe

Swali: Windows ya ofisini inadai haijalipiwa. Fundi ameniletea kraki (programu ya kukwepa malipo ya leseni), ila anasema nizime kwanza kinga ya virusi. Ni sawa? (Msomaji, Morogoro)

Si sawa, na safu hii imeshalijibu swali hili mara nyingi mno. Tazama unachoombwa: uondoe mlinzi, kisha uipe mamlaka ya msimamizi programu ambayo humjui aliyeiandika. Hapo inaweza kusoma nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kunakili kila unachochapa. Virusi vya kuiba nywila vimesambazwa sana kwa njia hii, hasa kwa jina la KMSpico, kraki maarufu ya Windows. Kama umeshaiweka, kuifuta hakutoshi. Nakili nyaraka zako tu, usichukue faili lolote la .exe, futa diski nzima, kisha sakinisha upya kwa faili la Microsoft wenyewe. Nywila zibadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine, ukianza na ya baruapepe, maana aliyeishika hiyo ataomba kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote.

Hukuuliza, lakini nitasema: ikiwa kazi yako ni barua na majedwali, LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, inafungua .docx na .xlsx za Word na Excel bila kulipia hata shilingi. Majedwali yenye makro nyingi (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya jedwali) ndiyo husumbua. Yajaribu hayo kabla ya kuhama.

Swali: Je, GB WhatsApp ina hatari gani kweli? (Msomaji, Mombasa)

Ni ileile ya kraki, maana hii ni WhatsApp iliyobadilishwa na watu wengine, si ya kampuni yenyewe. Ujumbe hulindwa njiani, lakini programu iliyo kwenye simu yako ndiyo inayoufungua uusome, na hiyo imechokonolewa na mtu asiyejulikana. Iondoe, weka ya Play Store, kisha kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako.

Swali: Msimbo wa programu huria unaonekana na kila mtu, wezi wakiwemo. Kwa nini benki au hospitali iuamini? (Msomaji, Kampala)

Msimbo, yaani maandishi ya mtengenezaji yanayounda programu, kuwa wazi humpa kila mtu nafasi ya kuukagua. Haumlazimishi yeyote kuukagua, na hapo ndipo tunapojidanganya. Kosa lililoitwa Heartbleed liliingia katika OpenSSL 1.0.1 iliyotoka Machi 2012, likatangazwa Aprili 2014. Miaka miwili, katika programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia.

Kisa cha xz, zana ya kubana mafaili inayotumika sana kwenye Linux, ni kizito zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kusaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza njia ya siri ya kuingilia kompyuta katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 mwanzoni mwa 2024. Sehemu iliyouwasha mtego haikuwa kwenye hazina ya Git ambako watu husoma msimbo. Ilikuwa ndani ya vifurushi vya tar (mafaili yaliyofungashwa pamoja) vinavyopakuliwa. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha ukiwa mbali, kulichelewa takriban nusu sekunde, naye hakukubali kulipuuza. Aliweza kufuatilia mpaka chini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Katika programu iliyofungwa angeishia kulalamika kwa muuzaji.

Mradi huo kwa miaka mingi ulibebwa na mtu mmoja anayejitolea. Ndiyo maana nasema wazi: benki inayoendesha seva zake kwa Linux na haimlipi hata mtunzaji mmoja wa maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) inazozitegemea inacheza na fedha za wateja. Na kwenu mafundi, seva isiyosasishwa haiokolewi na uhuria wake. Kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, sakinisha programu ya unattended-upgrades ili marekebisho ya usalama yaingie yenyewe, na mwekeni mtu wa kuhakikisha kweli yanaingia.

Swali: Nimetengeneza mfumo wa mauzo kwa kutumia maktaba ya GPL. Mteja anadai msimbo. Lazima nimpe? (Msomaji, Arusha)

Kwanza isome leseni vizuri, maana GPL ni leseni ya programu huria na ina ndugu zake. Kama ni LGPL, iliyo nyepesi zaidi, kwa kawaida unaweza kubaki na msimbo wako mwenyewe ukiiunganisha maktaba hiyo kama faili la pembeni linaloweza kubadilishwa. Kama ni GPL kamili na umemkabidhi mteja programu aisakinishe kwake, mpe msimbo wote, na huwezi kumzuia kuugawa. Ikiwa programu iko kwenye seva yako na yeye anaifikia kwa kivinjari tu, GPL haikudai hilo. AGPL, ndugu yake inayogusa hata programu za kwenye seva, inakudai.

Msidhani haya ni maneno ya karatasi. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa ikitumia Linux bila msimbo kutolewa. Kampuni ilibanwa, ikautoa, na OpenWrt ikazaliwa humo. Leseni nyepesi kama MIT na BSD nazo zina sharti: tangazo la hakimiliki libaki. Wanaolifuta juu ya faili na kuandika jina lao wanaiba.

Swali: Msimbo niliouona GitHub hauna leseni. Niutumie? (Msomaji, Kigali)

Usiutumie. Pasipo leseni haki zote ni za mwandishi. Mwombe aiweke.

Swali: Nina wazo la app. Nilisajili wapi lisiibwe? (Msomaji, Nakuru)

Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda msimbo ulioandikwa, na inaanza pale unapouandika. Kujiandikisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi, nao unafaa ukifika mahakamani. Hatari yako kubwa iko kwingine: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo kabla ya kupokea malipo ya kwanza, andikeni kwenye mkataba nani anabaki na msimbo, na maktaba ulizokuwa nazo tangu zamani uziorodheshe kwa majina kuwa ni zako.