Maji ya kisima yakiwa na mafuta kidogo, udhu unasihi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kisima chetu kina pampu, na siku hizi juu ya maji naona utando wenye rangi za upinde wa mvua. Tulipeleka maji maabara, tukaambiwa yana mafuta kidogo sana. Mimi sisikii ladha wala harufu. Je, udhu wangu unasihi? Na swala nilizokwisha kuswali?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Udhu wako ni sahihi, na swala zako hazirudiwi.

Mafuta ya mashine asili yake ni madini ya ardhini, nayo ni twahara. Lililobaki ni kama yameyaondolea maji jina la maji. Wanachuoni wa Kishafi hutofautisha kitu kinachochanganyika na maji, kama zafarani, na kinachokaa nayo jirani tu bila kuyeyuka. Imam Nawawi ametaja mafuta kwa jina katika fungu hili la pili: hata yakibadilisha harufu, maji hubaki ni ya kutwaharisha. Yangekuwa mafuta ya mzoga, hapo ni najisi, na maji yasiyofika kulla mbili (kipimo cha maji, kama lita 200) yangenajisika kwa kuguswa tu.

Kuhusu kupima, sheria haikukukalifisha maabara. Imepokewa kwamba Amr bin Al-Aas alimuuliza mwenye birika kama wanyama wakali hunywa hapo, na Umar bin Al-Khattab akasema: "Ewe mwenye birika, usitwambie." Kwa udhu, macho, pua na ulimi vinatosha.

Tena utando wa rangi si lazima uwe mafuta. Bakteria wa madini ya chuma nao hufanya hivyo. Utie kijiti: ukivunjika vipande kama kioo na vikabaki mbalimbali, aghalabu ni bakteria, ukizunguka na kuungana tena, ni mafuta.

Mafuta yakikushika mkononi yakiwa majimaji, maji yakapita juu ya ngozi, udhu unasihi ingawa maji yanateleza. Grisi nzito iliyoganda iondoe kwanza, kwani huzuia maji kufika.

Kunywa ni mlango mwingine kabisa. Hapo usiniulize mimi, wasikilize wa maabara, maana Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Wakisema yanadhuru, msiyanywe wala msiwape watoto, hata kama mnatawadhia. Na hiyo pampu itazameni, huenda inavuja.

Wallahu aalam.