Chi si umeme wa mwili

Ndugu, umeuliza kama chi, nguvu ya uhai inayosemwa katika tiba ya jadi ya Wachina, ndiyo umeme wa mwili. Umeme upo kweli: seli ya neva iliyotulia ina takriban milivolti 70 kwenye utando wake. Chi haijawahi kupimwa na chombo chochote. Sindano ya akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma pointi maalumu za mwili ili kurekebisha chi, ina fizikia yake: ukiizungusha nyuzi za tishu hujiviringisha juu yake. Lakini utafiti mkubwa wa Ujerumani wa 2007 ulionyesha wagonjwa wa mgongo walipata nafuu karibu sawa hata walipochomwa kijuujuu nje ya pointi za jadi, tena zaidi kuliko waliopewa tiba ya kawaida. Anayekuuzia "mashine ya kupima chi" anakunyima haki ya kuamua ukijua ukweli. Inaniuma zaidi mgonjwa akiambiwa na watu kama hao aache dawa za kisukari.