Usiipeleke kwenye grenda

Ndugu, kama mashine ya babu ya kukatia majani, ile ya kusukuma kwa mkono, inayachana majani badala ya kuyakata, usimruhusu fundi aitie grenda. Visu vitaliwa upande mmoja na kuvirudisha ni kazi kubwa mno.

Inakata kama mkasi: visu vinavyozunguka hupita juu ya kisu cha chini kilichotulia. Mwingereza Edwin Budding aliibuni hivyo mwaka 1830, na bado inafaa.

Boliti zilizoganda zimwagie mafuta ya taa, zilale usiku kucha. Kutu sugua kwa brashi ya waya. Kaza kisu cha chini mpaka kiguse kidogo tu, paka kwenye visu pesti ya kusagia valvu (uji mzito wenye chembe za kunolea chuma, maduka ya spea wanayo), kisha zungusha visu kinyumenyume hadi kila kimoja kitoe mstari mwembamba unaong'aa toka mwanzo hadi mwisho. Futa pesti yote. Jaribu kwa kipande cha gazeti, kushoto, katikati, kulia. Panapogoma, kaza skrubu ya kisu cha chini robo mzunguko, si zaidi. Yangu ilikula jioni tatu, na gazeti lilipokatika kimya kimya niliita nyumba nzima ije ione. Vaa glavu nzito tafadhali, na vidole vikae mbali visu vikizunguka.