Jibu: "Always on My Mind" ni wa nani hasa?
Salaam mkuu. Umesema kila ukitafuta wimbo "Always on My Mind" unaletewa mwimbaji tofauti, nawe unautaka ule wenye piano iliyotulia. Angalia mwaka kwanza. Mwaka 1972 pekee uliimbwa na Gwen McCrae, Brenda Lee na Elvis Presley, aliyeurekodi wiki chache baada ya kutengana na mkewe Priscilla. Ukisikia vinanda vya umeme na mdundo wa disko, hao ni Pet Shop Boys, kundi la Uingereza, 1987. Unaoutafuta nadhani ni wa Willie Nelson, mwimbaji wa country wa Marekani, 1982. Sauti yake inatokea puani, na maneno anayachelewesha kidogo nyuma ya mdundo, kama mume anayeomba radhi. Kwangu mimi huo ndio bora kuliko yote.