Barua kwa mwanangu kuhusu huo mchoro wa laki nane

Hujambo mama. Sisi huku wazima, mama yako goti tu linamsumbua kama kawaida yake mvua zikianza, na leo imenyesha tangu alfajiri kwa hiyo nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kirefu. Ile voisi yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili. Kukujibu kwa sauti nimeshindwa, maana nikianza kuongea tu mama yako naye anaingilia kutokea jikoni na mwisho unapata majibu ya watu wawili.

Umesema kuna jamaa hapo Kariakoo anauza mchoro wa katuni ya miaka ya themanini, anaapa ni orijino, anataka laki nane, na wewe umeshatoa macho kwa sababu umesikia huko Marekani kitabu cha Superman namba 1 cha mwaka 1939 kimeuzwa dola milioni 9.12, kimekutwa darini kwenye nyumba ya mama wa watu. Unataka kujua mambo mawili, huo mchoro ni wa kweli, na je ununue.

La kwanza ni rahisi. Chukua lenzi, au hata kamera ya simu uivute karibu, angalia sehemu zenye kijivu. Ukiona vidoti vimejipanga kama askari gwaride, hicho kimetoka mtamboni, mwambie jamaa ahsante ondoka zako. Kijivu cha mkono ni vimistari, mtu kakaa kavikwaruza kimoja kimoja kwa nibu, kingine kinene kingine chembamba, na pale penye weusi mwingi ukiuinamisha kwenye mwanga utaona wino umekaa juu ya karatasi, unang'aa kidogo. Halafu tafuta penseli ya bluu iliyopauka. Wachoraji wengi walikuwa wanaanza na hiyo kwa sababu filamu yetu ya dakirumu, kile chumba cha giza cha kupigia picha michoro kiwandani, haikuwa inaiona bluu, kwake ni kama karatasi tupu, kwa hiyo mtu anaweza kuchora, akakosea, akarudia, wala hana haja ya kufuta. Tafuta na rangi nyeupe pale alipobadilisha mawazo. Na mara nyingi mchoro wenyewe ni mkubwa kuliko ulivyotoka gazetini, wao wanachora kubwa sisi tunaupunguza kwa kamera, ndio maana mistari inatoka safi. Mchoro ambao hauna kosa hata moja mimi ningeutilia shaka.

Na ukiupata, nakuomba, usithubutu kuupeleka laminesheni kama vyeti vya shule. Wala usiufunge kwenye nailoni kwa joto la hapo Dar, utaota ukungu. Wala selotepu! Karatasi ya gazeti unaijua, ina tindikali yake mwenyewe inayoila kutokea ndani, ukiianika juani wiki moja inakuwa rangi ya chai, ila karatasi nzuri ya kuchorea inadumu ikiachwa mahali pakavu penye kivuli, ilale, isikunjwe.

Isikunjwe. Haya, nimefika pale ambapo nilikuwa sitaki kufika.

Wewe unajua nilifanya kazi ya uchapaji, unajua na kidole changu kilivyopata ile alama, na mambo ya mjomba wako na rimu za karatasi tusiyarudie. Ila kuna jambo sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mama yako, na mama yako alinijibu neno moja tu nitakuambia mbele.

Kumbuka mimi nilizikuta katuni nyumbani. Babu yako alikuwa akilifungua gazeti la Uhuru anaanza na Chakubanga wa Christian Gregory, akimaliza kucheka ndio anarudi ukurasa wa mbele kusoma mambo ya serikali akiwa kashakunja uso. Kaka yangu mkubwa yeye alikuwa wa Lance Spearman, zile hadithi za picha za kupigwa kwa kamera, jamaa kavaa kofia yake ya panama na tai ya kipepeo anaendesha Corvette, na sisi watoto tunagombania nani awe Spear nani awe yule mbaya Rabon Zollo, na mimi kila siku ndiye Zollo. Baadaye ikaja Sani, jarida la katuni la akina Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ndio jina lenyewe limetoka hapo, Sa na Ni, na Lodilofa na Ndumilakuwili wakawa kama majirani zetu. Kwa hiyo nilipopata kazi dakirumu nikaambiwa michoro yenyewe, ile iliyoguswa na mkono wa mchoraji, itapitia mikononi mwangu, niliona nimepata cheo.

Kiwanda sikitaji. Ilikuwa 1985, mimi nina miaka 22. Kazi yangu kupokea mchoro, kuandika nyuma kwa penseli nyekundu asilimia ya kupunguza, kuubandika kwenye kamera kubwa, kutoa negativu, kuziba vitobo kwenye meza ya kioo yenye taa chini, halafu negativu inaenda kwenye pleti, lile bati la kuchapia. Na mchoro? Hapo ndipo. Mchoro ukishapigwa hakuna aliyeuuliza tena. Ulikaa kwenye boksi chini ya meza, boksi likijaa vijana wa mtamboni wanachukua karatasi za kufutia wino. Mimi nimeona kwa macho yangu ukurasa ambao mtu kaukesha usiku mzima unafuta rola.

Siku moja ukaja mchoro wa foleni ya sabuni. Wewe hukuzikuta hizo foleni. Watu walikuwa wakichoka kusimama wanaacha jiwe mahali pao, kila mtu na jiwe lake analijua, anaenda kunywa uji anarudi. Sasa yule mchoraji kachora foleni nzima ya mawe matupu, hakuna mtu hata mmoja, duka limefungwa, na jiwe moja dogo limegeuka nyuma linaliambia kubwa, "Wewe umechomekea." Nilicheka mpaka bosi akachungulia. Halafu nikauweka juu ya meza ya kioo, sijui hata kwa nini, ile si kazi ya mchoro ni kazi ya negativu, nikawasha taa, na lile jiwe la mbele kabisa, lililo jirani na mlango wa duka, likawa na uso. Chini ya rangi nyeupe. Alikuwa amechora mtu kwanza, kavaa kofia, kitambi, mfuko wa sabuni tayari kwapani, yeyote wa mtaani kwetu angesema huyu ni mjumbe wa nyumba kumi. Kisha akaogopa, au mhariri kaogopa, akapaka nyeupe juu, akachora jiwe.

Gazetini hilo hulioni. Watu walionunua lile toleo hawajaliona mpaka leo. Nilikuwa nimelijua mimi na yeye tu.

Niliukunja mara nne nikautia ndani ya shati nikaenda nao Magomeni.

Wiki mbili hivi baadaye akaja mwenyewe. Kijana kama mimi, shati la kitenge, faili la kaki kwapani. Akaniuliza mimi kwa sababu nilikuwa mlangoni, "Ndugu, ule wa mawe upo? Nilikuwa nautaka." Bosi alikuwa nyuma yangu akasema kazi ikishalipwa imelipwa. Yule kijana akaniangalia mimi, si bosi. Nikamwambia tulishautupa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, basi nitachora mwingine," akacheka, akaondoka. Na mwingine kama ule hakuchora, nilikuwa navipokea vyote, ningeuona.

Lile "haya basi" linaniuma mpaka leo. Angenitukana ningeshasahau.

Nilipomwambia mama yako, tumeoana miezi michache tu, akasema, "Rudisha." Mimi nikaanza maneno. Kwamba ningemrudishia ningefukuzwa kazi, na ni kweli. Kwamba ule uso ungemletea matatizo, bora ukae kwangu. Kwamba kama nisingeuchukua ungefuta rola, na hilo nalo ni kweli kabisa, mwanangu, usiniangalie hivyo. Lakini kuuokoa usifute rola na kumnyima mwenyewe aliyekuja kwa miguu yake kuuomba ni vitu viwili, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa navichanganya makusudi. Mchoro una mwenyewe. Karatasi inaweza kuwa ya kiwanda, wino wa kiwanda, hata mshahara wa kiwanda, mchoro una mwenyewe. Nikajisemea nitamrudishia akija tena. Akaja tena, mara nyingi tu, tukawa tunasalimiana kwa majina, na kila akija nilikuwa na sababu mpya. Kisha nikasikia kahamia bara. Kisha nikasikia hayupo.

Usidhani ni mambo ya kwetu tu. Jack Kirby, aliyewachora nusu ya hao mashujaa mnaowaangalia kwenye sinema, aligombana miaka na kampuni ya Marvel kuhusu michoro yake, na mwaka 1987 walipomrudishia zilikuwa kurasa kama 2,000, wakati aliwachorea zaidi ya 10,000. Huyo Superman wako unayemtolea macho, vijana wawili waliomtunga, Siegel na Shuster, walimuuza kwa dola 130 mwaka 1938, na hundi yenyewe waliyolipwa, karatasi ya benki tu, imeuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Na Philip Ndunguru wa Sani, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana mbichi, tulimcheka Lodilofa wake nchi nzima, sasa nenda kaulize michoro yake ya mkono iko kwa nani.

Halafu kuna kingine kinachonichekesha na kuniumiza pamoja. Hergé, yule mchoraji wa katuni za Tintin, mwaka 1936 alichora kwa rangi jalada la kitabu cha Lotus ya bluu, wachapaji wakasema rangi hizi kuzichapa ni ghali mno (hapo mimi nawaelewa wenzangu, kila rangi ni pleti yake), wakalikataa. Inasemekana alimpa mtoto wa mchapishaji, mtoto akalikunja akatia kwenye droo. Januari 2021 limeuzwa Paris kwa yuro milioni 3.2, na alama za mikunjo zinaonekana. Rashidi kaka yako aliponionyesha nikaangalia ile mikunjo nikasema loh, kumbe hata kukunja kunasamehewa. Mama yako akasema yule mtoto alipewa.

Sasa turudi kwako. Ununue? Najua unataka niseme ndiyo au hapana na mimi ulimi unaniwasha kweli. Laki nane ni hela nyingi kwa karatasi, ni hela kidogo kwa mkono wa mtu, na yule mchoraji wangu sidhani kama kwa mwezi alipata hata ya kununulia viatu. Mkiacha kununua, michoro itaishia kufungia karanga. Mkinunua bila kuuliza, kila mtu aliyekuwa na boksi chini ya meza anakuwa tajiri na watoto wa wachoraji wanaangalia. Ningekuwa mimi... hapana, sisemi. Nilishapoteza haki ya kusema. Ila muulize jamaa kaupata wapi, na akikujibu "ni wa marehemu baba" muulize baba alikuwa anachora au alikuwa anafanya kazi gani. Akibabaika, mimi namuelewa kuliko unavyodhani.

Wa kwangu bado upo, kwenye bahasha ya kaki nyuma ya kabati la nguo, mchwa hawajaufikia. Nimekuwa nikiuliza ulizia watu wa zamani kama aliacha watoto. Wewe upo Dar, unazunguka kuliko mimi, nitakutajia jina lake ukipiga, kuliandika hapa sitaki.

Na kitu kimoja kabla hujatoa hata senti. Nipigie picha huo mchoro, si mbele, nyuma. Ukiona asilimia kwa penseli nyekundu, na saba yake ina kimstari katikati, huo mwandiko ni wangu. Tuma kwenye simu ya mama yako, ya kwangu imejaa.

Baba yako