Pesa ya Korosho Huja na Mvua: Lini Twende Kuwaona Wanyama

Kila ifikapo Novemba, minada miwili mitatu ya korosho ikishapita na malipo yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, ndugu na jamaa zangu wa Newala, Tandahimba na hapa Mtwara mjini huniuliza swali moja: mwaka huu tuna kitu kidogo mkononi, watoto wanafunga shule Desemba, twende hifadhi gani tukaone wanyama? Jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu. Huwaambia wasiende Desemba, bali waiweke fedha hiyo na kuondoka Agosti au Septemba inayofuata. Nalisema hilo kwa sababu nilikwishatangulia kwenda Desemba, na gharama yake naijua.

Ilikuwa mwaka 2017, msimu ambao bei ya korosho ilipanda kuliko tulivyozoea. Nilikodi Noah, nikampakia mke wangu, watoto watatu, shemeji yangu mmoja na mama mkwe, ambaye alikuwa hajawahi kumwona simba kwa macho yake. Tulitoka Mtwara alfajiri, tukapita Lindi, Nangurukuru na Somanga, tukavuka Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji na kulala Kibiti, kwa nia ya kuingia kesho yake kupitia Mloka hadi lango la Mtemere, wakati huo likiwa bado lango la Pori la Akiba la Selous. Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi, tulipoiacha lami na kushika barabara ya vumbi, hapakuwa na vumbi tena; palikuwa na tope jeusi linaloshika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Tulinasa mara mbili, na mara ya pili tulikaa pale kwa zaidi ya saa tatu, mama mkwe akiwa amesimama kando ya barabara na kanga kichwani, haneni neno, jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko kama angenigombeza.

Tulipoingia hatimaye ilikuwa mchana, saa ambazo simba na chui huwa wamelala vichakani. Tuliona swala wengi na vichanga vyao, maana swala pala huzaa mvua za kwanza zinapoanguka, na tukaona twiga wachache kwa mbali. Tembo hatukumwona, nyati hatukumwona, na simba wa mama mkwe hakutokea. Nilipomlalamikia askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye, alinijibu kwa upole: "Mzee, maji sasa yapo kila kidimbwi. Mnyama afuate nini mtoni?"

Jibu lile ndilo msingi wa ushauri wangu wote. Katika hifadhi za kusini mnyama haendi mahali kwa kupenda mandhari. Anafuata maji na malisho. Mvua zikinyesha, kila bonde linakuwa na kisima chake, majani yanachipua kila upande, na wanyama wanatawanyika ndani ya misitu ya miombo, ambayo wakati huo imejaa majani kiasi kwamba tembo anaweza kusimama hatua ishirini kutoka barabarani usimwone. Ukame ukiingia, vidimbwi vinakauka kimoja baada ya kingine, mpaka kinachobaki ni mto mkubwa na maziwa yaliyoungana nao. Hapo hulazimiki kuwatafuta wanyama, kwa kuwa wenyewe wanakuja kunywa. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sehemu yake iko ndani ya mkoa wetu wa Lindi, upande wa Liwale. Ndani ya eneo kubwa namna hiyo, kumkuta mnyama wakati ambapo hakuna kinachomlazimisha kuwa mahali fulani ni bahati nasibu.

Lugha yetu yenyewe ilikwisha kutuonya. Siku hizi tunasema mbuga tukimaanisha mahali pa kutazama wanyama, lakini wazee wanaposema mbuga wanamaanisha uwanda wa udongo mweusi unaotuama maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mtu anayejua maana hiyo ya zamani hapeleki Noah mbugani wakati wa mvua.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kwamba maelezo mengi kuhusu safari za wanyama huandikwa kwa kuangalia kaskazini. Huko kuna vuli, kati ya Oktoba na Desemba, kisha pumziko fupi, kisha masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwetu Mtwara na Lindi msimu wa mvua ni mmoja mrefu, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, ingawa katikati yake huweza kupita wiki kadhaa za jua kali. Anayeambiwa kwamba Januari na Februari ni miezi mizuri, akaichukua kauli hiyo iliyosemwa kwa ajili ya Arusha na kuitumia kwa Rufiji au Liwale, atajikuta kwenye tope nililokutana nalo mimi.

Nilirudi tena Septemba miaka miwili baadaye, safari hii nikiwa na mke wangu na mtoto mkubwa tu, na kwa gari la magurudumu manne lenye dereva aliyeijua njia. Tofauti yake sijui niieleze vipi. Nyasi zilikuwa zimelala, zimekuwa rangi ya mchanga, na macho yalifika mbali. Kandokando ya maziwa, kama Manze na Nzerakera, tuliona katika asubuhi moja tembo, nyati, pundamilia, nyumbu, viboko na mamba, na simba wawili wamelala chini ya mti karibu na njia ya wanyama ya kuendea maji, wakingoja kama watu wanaomngojea dereva wa daladala. Baadhi ya miti ya miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, maana miti hiyo haisubiri mvua ifike ndipo ichipue. Alasiri tulipanda boti Mto Rufiji. Kwa maoni yangu, mtu aliyelipa nauli yote ile kutoka Mtwara akaacha safari ya boti ili kuokoa fedha kidogo, amejidhulumu.

Sisemi kwamba miezi yote ya kiangazi inalingana. Juni ina neema yake: kusi inavuma, asubuhi kuna baridi ya kuhitaji sweta, na watoto wako likizo kwa wiki kadhaa hadi mwanzoni mwa Julai. Lakini nyasi bado ni ndefu na maji bado yamesambaa, kwa hiyo uende ukijua kwamba utaona kiasi. Faida moja kubwa ya kati ya Juni na Agosti ni mbwa mwitu. Kusini mwa nchi yetu ni miongoni mwa sehemu chache Afrika zilizobaki na idadi nzuri ya wanyama hao, na katika miezi hiyo hulea watoto mashimoni, hivyo kundi halihami sana na waongozaji huweza kujua lilipo. Nje ya miezi hiyo mbwa mwitu hutembea mwendo mrefu kila siku, na kumpata ni suala la kudra. Oktoba, kwa upande wake, ndiyo kilele cha mkusanyiko wa wanyama, maana ukame umefika mwisho, lakini joto la bonde la Rufiji mwezi huo si la kumpeleka mzee wala mtoto mchanga. Mbung'o nao hukera hasa kwenye miombo. Wanavutiwa na nguo za buluu na nyeusi, kwa hiyo vaa rangi ya khaki au kijani kilichofifia.

Ukiitazama kalenda ya mkorosho utaona kwamba upenyo wetu upo palepale. Mei hadi Julai mkulima yuko shambani anapulizia mikorosho dawa ya salfa. Kuanzia mwisho wa Septemba anaokota, kisha anahangaika na magunia, ghala na minada. Katikati, yaani Agosti na sehemu ya Septemba, mikorosho haidai sana. Shule nyingi pia huwa na mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa pili ndani ya kipindi hicho. Kikwazo ni fedha tu, kwa kuwa inaingia Novemba na safari iko miezi tisa mbele, na kila mtu anajua fedha ya korosho inavyoyeyuka: bati, pikipiki, ngoma, ada, shemeji ana shida. Mimi nilishindwa kuiweka nyumbani. Kilichonisaidia ni kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambako tulikubaliana watu sita kwamba hisa za safari hazitolewi kabla ya Julai hata kwa msiba mdogo. Tuligombana Machi, lakini Agosti tulikodi gari moja kwa pamoja, na gharama ya kila mmoja ikapungua sana.

Kuna mtu atauliza kama basi mvua haifai kabisa. Inafaa, lakini si huku. Uwanda wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, una neema yake Januari hadi Machi, wakati nyumbu wanapozaa kwa maelfu kwenye nyasi fupi na simba na duma wanawafuata. Ukitaka kuwaona nyumbu haohao wakivuka Mto Mara, basi ni kati ya Julai na Oktoba. Kitulo, kule nyanda za juu kusini, hakuna anayekwenda kwa ajili ya simba. Watu huenda kutazama maua, nayo huchanua kati ya Desemba na Aprili, hivyo familia isiyoweza kusafiri ila Desemba ningeielekeza huko bila kusita. Mikumi ni rahisi kufikika kwa sababu barabara kuu ya lami inakatiza katikati yake, na wanyama wengine utawaona ukiwa bado ndani ya basi la Iringa, ila uwanda wake wa Mkata nao ni udongo uleule mweusi.

Machi, Aprili na Mei sina mengi ya kusema. Kambi nyingi za Nyerere hufungwa kuanzia mwisho wa Machi, njia za ndani hazipitiki, na hata lami ya kwetu haina dhamana: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na abiria wakabaki pande zote mbili.

Kwa anayepanga Agosti ijayo, beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima, kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, na usitegemee kulipa kwa noti mkononi langoni. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, na mtandao wa simu hupungua kadiri unavyoiacha Kibiti, kwa hiyo lipa kabla hujaondoka mjini. Gari lipatikane mapema, tangu Mei, kwa sababu magari mazuri ya magurudumu manne ni machache na wageni wa nje nao huyataka miezi hiyohiyo. Lala Mloka, si Kibiti, ili saa kumi na mbili asubuhi lango likifunguliwa uwe umekwisha kufika.

Mama mkwe bado hajamwona simba. Nilipomwambia kuhusu Agosti aliniuliza swali moja tu, kama gari ni lile lile.